Sikuwatania Watu wa Mzenga

Tumbi, Kibaha
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Kulwa,

Shikamoo. Nakuamkia ingawa tumbo lilikuwa moja na siku ilikuwa moja, kwa kuwa ulitangulia kutoka na tangu utotoni hujaniacha nisahau. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mama anaendeleaje na yale magoti? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia anaitumia, au ameshaigawa kwa majirani kama kawaida yake? Mvua zimewafikia huko? Huku zimenyesha hadi njia ya kwenda Mzenga imekuwa tope tupu. Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Moyo ndio una moto, na aliyeuwasha ni wewe.

Sijakupigia simu kwa makusudi. Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Unasema, "Doto, sikiliza, Doto, sikiliza," mpaka salio linakwisha na aliyesikiliza ni mimi peke yangu. Kwenye kundi la ukoo nako siwezi kusema kitu, maana nikiandika neno tu watu wanarusha vikaragosi vya kucheka. Karatasi huwezi kuikatiza. Nimempa barua hii dereva wa basi la Tabora, mtu ninayemwamini, aikabidhi mkononi mwako. Kaa chini uisome yote, kisha umsomee Mama neno kwa neno, na usiruke pale ninapokusema vibaya.

Kosa lako unalijua. Binamu Maganga, yule anayepasua mbao Kisarawe, alituma sauti kwenye kundi kwamba nimekwenda kwenye msiba wa watu Mzenga, nikawazimia wafiwa umeme, nikaukalia waya na kukataa kuinuka mpaka nilipwe. Ukoo mzima ukasikiliza. Na wewe, pacha wangu, bila hata kuniuliza, ukaweka dole gumba. Dole gumba, Kulwa! Halafu ukanipigia kuniarifu kwamba Mama amekasirika, kwamba mwanamke wa umri wangu hana shughuli juu ya mapaa ya watu, kwamba niache aibu hii nirudi kwenye masufuria. Mwisho kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, ukasema nyumba ya Mama imeshafungwa nyaya na fundi wa hapo Sikonge, bado kuwashwa tu, na kwamba waya wa tatu fundi kauacha kwa sababu "ule ni pambo la matajiri."

Hapo ndipo nilipokata simu. Ulidhani nimekasirikia dole gumba. Nilikasirika, ndiyo, na bado nimekasirika, lakini nilikata kwa sababu maneno hayo hayo ya pambo niliyasikia Mzenga, kwenye nyumba hiyo hiyo ya msiba. Sasa ngoja nikueleze kilichotokea, maana Maganga hakuwepo.

Kwanza unazungumza kana kwamba ufundi huu niliuokota njiani. Wewe ni shahidi nilivyopika kwenye shule ile ya bweni, nikikoroga ugali wa watoto mpaka mabega yakawa ya mwanamume. Pampu ya maji ya pale jikoni ilikuwa ikifa kila mara, nasi wapishi tunabeba ndoo kutoka bondeni tukimsubiri fundi. Anakuja siku aipendayo, anakaza skrubu moja, anakunywa chai yetu, anaondoka. Siku moja nikamwuliza alichofanya. Akanijibu, "Mama, haya mambo mazito, we angalia maharage." Nikayaangalia maharage, Kulwa, lakini toka siku hiyo nikamwangalia na yeye.

Shule ilipomkabidhi mzabuni kazi ya jiko, sisi wapishi wa zamani tukaambiwa kwaheri. Wenzangu wakaanza vitumbua. Mimi kifua kilishachoka na moshi, nikaenda chuo cha ufundi kujiandikisha umeme. Msajili akachungulia nyuma yangu, akaniuliza mtoto niliyemleta yuko wapi. Nikamwambia mtoto ndiye mimi. Darasani waliniita Bibi, na nilipopanda ngazi walikuwa wanashika chini wote kana kwamba naanguka sasa hivi. Nilifaulu. Cheti ninacho na leseni ninayo, na nilipokupigia kukuambia, ulicheka. Sijasahau kicheko kile.

Turudi Mzenga. Nilikwenda mara ya kwanza kufunga umeme kwenye duka moja. Jirani wa duka alikuwa mzee mmoja, Mzee Pazi, mkulima wa korosho. Aliponisikia natamka maneno mawili matatu akajua natoka wapi, akapiga ukelele kutoka barazani kwake, "Eh! Mpagazi! Leo umebeba nini?"

Wewe unaelewa, lakini watoto wako hawaelewi, waeleze. Waambie Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu hadi pwani, ndiyo maana mpaka leo Mzaramo akikuona anakuita mpagazi, na wewe una haki ya kumjibu kwamba babu yake alikuwa amekaa kivulini akicheza ngoma, akisubiri mzigo ufike. Na waambie mtani hakasirikiwi. Akija kwenye msiba wako anaweza kumcheka marehemu, anaweza kuteka kitu cha nyumba akakikalia, na wenye msiba wanalazimika kukikomboa, hata kwa kikombe cha kahawa. Ndivyo tunavyosaidiana kulia.

Basi nikamjibu Mzee Pazi hivyo hivyo, ya kivuli na ngoma, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Tangu siku hiyo kila nikipita Mzenga lazima nipite kwake nikatukanwe kidogo. Nilimpenda mzee yule. Siku moja akaniomba nimwangalizie pampu ya kisima chake pale uani. Nikafungua, nikakuta waya wa tatu, ule wa ardhi, umekatwa na kukunjwa ndani kama mkia wa panya. Nikamwuliza nani kafanya hivi. Akasema fundi wake, kijana mmoja wa huko, kamwambia ule waya ni pambo tu, unapandisha gharama.

Fundi gani? Kishoka! Mtu asiye na cheti wala leseni, ana koleo na mdomo. Nikamweleza mzee kwamba waya ule ndio njia ya umeme kukimbilia chini pampu ikiharibika. Ukiukata, umeme unasubiri mtu wa kupitia, na mtu mwenyewe ni yule aliyelowa maji, yuko peku, ameshika bomba la chuma. Akaniambia, "Sawa mpagazi, tukiuza korosho utaufunga." Korosho hazijauzwa, mzee akaugua, akafariki. Nililia, nisikufiche. Siku ya kuzika nilikuwa Dutumi kikazi, habari zilinifikia nimechelewa.

Arobaini yake ndiyo niliyokwenda. Familia iliniita rasmi, wakasema msiba wa Pazi bila mpagazi wake haujakamilika. Nikatoka Kibaha asubuhi na mfuko wangu wa kazi, pamoja na fimbo ya shaba ya kufukia ardhini niliyokuwa nimemnunulia mteja wangu mwingine. Nimefika, maturubai yamefungwa, masufuria yako motoni, spika mbili kubwa zimekaa mlangoni kwa ajili ya hitima. Na yule kishoka yupo, kapewa kazi ya siku. Kapitisha waya mmoja dirishani, huo huo unalisha spika na huo huo unalisha pampu. Maungio kayafunga kwa plasta ya kidonda, Kulwa. Plasta ya zahanati! Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja wote wa kisimani tope.

Katikati ya tope hilo ameinama Bi Tatu, dada wa marehemu, peku, anaosha mchele wa pilau, mkono mmoja kwenye bomba. Kila mara anauondoa anaukung'uta. Nikamsalimia, nikamwuliza mkono una nini. "Unaniwasha, mwanangu. Baridi yabisi hii. Nachua kila siku, haisikii. Leo ndo imezidi."

Nikatoa tesita, ile bisibisi yenye taa ndani, nikaigusisha kwenye bomba. Ikawaka. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Toka hapo, Bi Tatu! Tokeni wote! Bomba lina umeme! Zimeni, mtakufa!"

Unajua walifanya nini? Walicheka. Uwanja mzima ulicheka.

"Mtani kashaanza!"

"Mpagazi, hata kahawa hujanywa unatuua?"

"Anataka kutufukuza ale pilau peke yake, Mnyamwezi yule!"

Nikawaambia sitanii. Wakacheka zaidi, kwa sababu mtani mzuri ndivyo asemavyo, tena kwa uso mkavu. Nikawaonyesha tesita inavyowaka. Mama mmoja akasema nimekuja na kitochi cha Kichina. Kadiri nilivyofoka ndivyo walivyonisifu. Mwisho yule kishoka akaja na ndala zake nene miguuni, akalikumbatia bomba mbele ya watu wote kama anacheza na mchumba wake, akauliza, "Mbona sifi?" Makofi! Vigelegele! Ndala za mpira, Kulwa, na mikono mikavu. Ningeanza vipi kuwaeleza mpira pale, wakati kila neno langu lilikuwa kichekesho? Na Bi Tatu naye akicheka, akarudi kwenye mchele wake, akainama tena.

Sijawahi kuudhika vile katika maisha yangu. Nimesoma uzeeni, nimeitwa Bibi na watoto wa watu, nimepata haki ya kusema neno hili moja, "hatari," na watu waniamini. Na siku niliyolihitaji kuliko zote, hakuna aliyelisikia. Nilitamani kukaa chini nilie. Lakini mkono wa Bi Tatu ulikuwa unarudi kwenye bomba.

Basi nikasema moyoni, mnataka mtani? Mtampata. Nikaingia ndani bila kubisha hodi, nikazima swichi kuu, nikachomoa ule waya dirishani, nikauvuta wote hadi mwisho, nikaukunja, nikaenda katikati ya mkeka wa wazee, nikauweka chini na kuukalia. Nikatangaza, "Nimeuteka umeme wa Pazi! Mzee aliniuliza kila siku nimebeba nini. Leo nimebeba umeme wake. Anayeutaka aukomboe!"

Wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Sasa walikuwa wananielewa. Wakaanza kuleta ukombozi. Mmoja kaleta kikombe cha kahawa. Nikakataa. Mwingine kaleta sahani ya pilau lisiloiva, mwingine jogoo kamfunga miguu. Nikakataa vyote. Nikasema, "Nataka majembe mawili na wanaume wa kuchimba. Nataka shimo hapo karibu na kisima, na hii fimbo yangu ya shaba iingie ardhini yote. Pazi aliniahidi shimo, amekwenda nalo."

Walichimba huku wakiimba! Walinitungia na wimbo, mpagazi kazika mzigo wake. Wakati wao wanaimba, mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, nabandua zile plasta, nakata vipande vibovu, naunga upya, naurudisha ule waya wa tatu mahali pake na kuufikisha kwenye fimbo. Kishoka alisimama pembeni akinung'unika kwamba nimemnyang'anya kazi. Nilipowasha nikapima bomba, tesita haikuwaka. Hapo ndipo nilipokunywa ile kahawa.

Mmoja tu hakucheka. Kondo, mtoto mkubwa wa marehemu, mfanyabiashara wa pale Kisarawe mjini, alikuja ananifokea. "We mama, baba yangu anasomewa hitima bila spika kwa ajili ya michezo yako?" Wazee wakamshika mkono, wakamwambia mtani hakasirikiwi. Akajitoa, akasimama upande na simu yake. Na Kondo ananunua mbao wapi? Pale pale anapopasua Maganga. Kwa hiyo wewe ulichokisikia ni hasira ya Kondo, iliyopitia mdomo wa Maganga. Na ukaiwekea dole gumba.

Tena nikuambie kinachoniuma kuliko hayo. Mpaka leo Mzenga nzima wanasema nilitania vizuri. Nikipita wananiita, wananionyesha lile shimo, wanacheka. Hakuna anayejua kilichokuwa kinawasubiri pale. Nilifanya kazi yangu sawasawa na nikasifiwa kwa nyingine.

Hapana, yuko mmoja anayejua. Juzi Bi Tatu alikuja huku Tumbi kumwona mgonjwa hospitalini, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwangu. Akakaa, akanywa maji. Kisha akaninyooshea mikono yote miwili, akaigeuza juu na chini.

"Mpagazi, mikono imeacha kuwasha. Tangu siku ile. Hata kuchua nimeacha."

Nikamwambia namshukuru Mungu.

Akauliza, "Siku ile hukuwa unatania, eti?"

"Sikuwa natania, Bi Tatu."

"Na mimi nilikuwa nacheka," akasema. Akaitazama ile mikono yake, machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka.

Sasa sikiliza, na safari hii ni wewe wa kusikiliza. Mama anatembea peku ndani ya nyumba yake, tangu tumemjua. Sakafu anaipiga deki asubuhi na jioni. Umemnunulia friji la mitumba auze maji ya baridi, jambo jema, nakushukuru. Friji hilo ni la chuma. Likiharibika ndani, na yule fundi wako amekata waya wa tatu, Mama atalifungua akiwa na miguu iliyolowa, na hatakuwa na baridi yabisi ya kusingizia. Unaniambia niache ufundi nisiwatie aibu, na huku nyumba ya mama yangu mwenyewe umempa kishoka bila kuniambia, wakati una fundi aliyetoka tumbo moja na wewe. Ungeniuliza tu! Ningekuja kwa nauli yangu, ningelala kwenye mkeka.

Nimeshakata tiketi. Alhamisi napanda basi pale Maili Moja, na mzigo wangu wa nyaya na fimbo nyingine ya shaba. Mchimbie Mama shimo, au uniachie jembe nichimbe mwenyewe. Huyo fundi wako awepo, nataka aniambie usoni habari za pambo.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie vile vitenge alivyoniagiza nimeviona. Mjomba wetu wa kurina asali mpe shikamoo yangu, na shangazi pia, yule aliyerusha kikaragosi cha kulia kwa kicheko, mpe shikamoo lakini asijisahau. Wanao wabusu wote. Binamu Maganga nitampitia mwenyewe huko Kisarawe, salamu zake nitazipeleka kwa mkono. Mama mwambie simkasirikii. Mwambie mwanawe ana leseni, na kwamba avae ndala hata ndani ya nyumba, kwa heshima yangu, mpaka nifike.

Mzenga nilikuwa na utani wa kuniokoa. Kwako sina utani, Kulwa. Siwezi kuukalia waya wewe ukaja kuukomboa. Nina undugu tu, na kwa mara ya kwanza sina hakika kama unatosha.

Usiwashe.

Pacha wako uliyemtangulia,
Doto, fundi umeme